Siku Tulipoomba Ghala la Nyavu Liwe Darasa

Ijumaa, mwezi wa tano. Mvua imekata tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza wiki hii Milima ya Livingstone inaonekana mpaka juu. Ziwa limetulia. Mimi sijatulia.

Nawakumbuka watoto.

Kwa mliofika ukurasa huu karibuni: mimi ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la awali, kijiji kimoja huku ufukweni, Kyela. Nasema "ni", ingawa tangu masika ya mwaka jana sina darasa. Tulikuwa tunasomea chumba cha pembeni cha kanisa. Maji yalipopanda, ukuta ukaanguka, tukashukuru Mungu kwamba watoto walikuwa makwao. Shule ya msingi iko ng'ambo ya mto. Wakubwa wanavuka, wa miaka minne na mitano hawawezi. Basi wamebaki. Wengine wanashinda na mama zao wanaofinyanga vyungu, wengine wanazurura ufukweni wakiokota usipa, dagaa wa ziwa letu, waliodondoka kwenye vichanja vya kuanikia.

Mimi nashinda shambani kwetu, kwenye kakao. Ni kazi ya heshima, imetulea wote nyumbani. Lakini nikinawa mikono kabla ya kula, naanza ule wimbo wetu wa kunawa, halafu nanyamaza nikisubiri waitikie.

Hakuna anayeitikia.

Ninayemkumbuka kuliko wote ni Sekela. Ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, sauti kubwa, meno ya mbele hana. Darasa lilipofungwa, mama yake alihamia Kasumulu, mpakani, kuuza vyungu kwa wanaovuka kwenda Malawi, akaondoka naye. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Sekela alikuwa amekaa nyuma ya vyungu, malori yakipita. Nikamwita. Akajificha kwenye khanga ya mama yake.

"Siku hizi hasemi na watu," mama yake aliniambia. "Hana wenzake. Anashinda anaangalia magari."

Nikamweleza kwamba nataka tuombe lile ghala la kijiji liwe darasa, ila naogopa kusimama mkutanoni tena. Akaniangalia sana.

"Simama, mwalimu. Na mimi nitaje. Waambie mtoto wangu yukoje sasa."

Nilisema "tena" kwa sababu nilishasimama mara mbili. Mara zote niliongea kama niko semina: makuzi, malezi, ujifunzaji kupitia michezo. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakaenda kula.

Leo ulikuwa mkutano wa tatu.

Mwenyekiti aliponipa nafasi, nilisalimia, nikasema ninachoomba kwa maneno machache, kisha nikasimulia habari za Sekela. Kina mama waliomfahamu wakatazama chini. Ndipo Baba Gwakisa akanyoosha mkono. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha wavuvi, na ghala lile ndilo wanamoweka nyavu na injini zao. Si mtu mbaya. Ana sauti tu.

"Ndaga, mwalimu," alisema, yaani asante. "Tunakuheshimu. Lakini mtoto wa miaka minne anafundishwa nini? Si kucheza? Acheze nyumbani. Bibi yake yupo."

Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu refu kichwani, lile la semina. Nikalimeza. Badala yake nikauliza.

"Baba Gwakisa, Gwakisa alipoanza darasa la kwanza, siku ile ilikuwaje?"

Hakutegemea swali. "Alilia," akasema. "Alinishika suruali. Wiki nzima nilikuwa nampeleka mimi, nyavu zinanisubiri."

"Alipitia darasa la awali?"

"Wakati ule halikuwepo."

"Na mdogo wake, Lusajo, niliyekuwa naye mimi?"

Akatazama upande wa mto. Niliogopa, maana kama angesema vingine, basi yangekuwa yameisha.

"Lusajo," akasema taratibu, "aliniachia mkono pale mtoni, akakimbia na wenzake. Hata hakugeuka nyuma. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yake, huyu mtoto amenisahau."

Safari hii watu walicheka kicheko kingine, chenye joto. Mama mmoja akasimama kusema wake ilikuwa hivyo hivyo. Mwingine akasema siku ya kuchoma vyungu hajui pa kumweka mtoto, moto uko pale na yeye yuko pale. Sikusema tena chochote. Hapakuwa na haja, walikuwa wanasema wao.

Mwishowe Baba Gwakisa mwenyewe akamwambia mwenyekiti, "Injini zitakaa kwangu. Nyavu tutazibana upande mmoja. Asubuhi ghala liwe la watoto."

Sikulia pale. Nililia njiani, kwenye migomba, ambako hakuna wa kuniuliza.

Jioni nikampigia Mama Sekela. Alipiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Halafu akapoa. Nikasikia lori linapita kwake.

"Wamepata," akasema. "Nafurahi, mwalimu, kweli. Lakini huku kuna watoto wengi wamekaa nyuma ya biashara za mama zao. Nani atawasemea?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa shangwe tu.

Akampa Sekela simu. Nilimwambia ni mimi, mwalimu wake. Nikasikia pumzi yake, na upepo. Sikumlazimisha. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka salio likaisha.

Kwa hiyo leo nimeshinda, na bado kuna kitu kinanivuta kifuani. Nilidhani nikipata chumba nitapona. Sasa naona nilichokuwa nakikosa si chumba. Watoto wapya watakuja, na nitawapenda, najua. Je, nitaacha lini kutafuta nyuso za wale wengine ndani ya nyuso zao? Au nisiache?

Kesho asubuhi kina mama wanakuja kufagia ghala. Wiki ijayo, kabla sijaanza kufundisha, nitapanda gari la Kasumulu. Huko hawanijui, na sijui mwenyekiti wao ni nani. Nitakaa kwanza nyuma ya vyungu, karibu na Sekela, niangalie magari pamoja naye.