Jamhuri Haikulijua Kaburi Lako

Baba,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi Nyamisi wako, naandika nikiwa Kabasa, Mama amelala chumba cha pili. Hajakanyaga shambani Suguti tangu Magesa, mdogo wako uliyemlea mwenyewe, apitishe plau ya ng'ombe juu ya kaburi lako. Ndiyo, juu yako! Tulikuwa tunasubiri mwaka uishe ndipo tulijengee, kama inavyofanywaga kwetu, kwa hiyo ulikuwa na mawe tu. Aliyatupa kando, akapanda muhogo.

Nilikimbilia polisi. Nilitaka afungwe, Baba, sikufichi. Kesi ikaenda Musoma: jinai, kuingia shamba la mtu. Nikavaa kitenge ulichonishonea, nikakaa mbele kama mwenye kesi. Kumbe wapi! Mwendesha mashtaka akaniambia, "Dada, kesi hii si yako, ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi tu." Jamhuri? Jamhuri ndiyo iliyokunywesha uji ulipolala kitandani? Magesa akasimama kizimbani akasema shamba ni la babu, wewe uliazimwa tu. Hakimu akasema kwenye jinai shaka haitakiwi kubaki, na hapa haijulikani shamba ni la nani. Hilo likaamuliwe kwanza kwenye madai. Akamwachia. Alitoka anacheka, mshenzi yule, akanipungia mkono.

Haya, nikaenda baraza la ardhi. Kwenye madai hakuna Jamhuri, ni mimi na yeye, na mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye anashinda. Hafungwi mtu. Anaambiwa toka, anatoka. Nikasema potelea mbali, bora atoke juu yako. Majirani wa mpakani wako tayari kusema ni wewe uliyefyeka pori lile. Karani akaniuliza, "Shamba ni la marehemu. Wewe ndiye msimamizi wa mirathi?" Si mimi. Usimamizi unaombwa mahakama ya mwanzo, na huko wanataka ukoo ukae, uniteue, mkubwa wa ukoo asaini. Na mkubwa wa ukoo sasa, baada yako, ni nani? Magesa.

Nilicheka palepale mpaka karani akaniletea maji. Kisha nikalia.

Ukoo unakaa Jumamosi, Butiama, kwa shangazi. Mama anasema nisiende, nitatukana watu. Sitatukana. Ulikuwaga unaniambia, "Nyamisi, mdomo wako utakuponza." Leo nimekusikia. Magesa anadhani nataka mirathi kwa ajili ya cherehani yako, na mimi sijamwambia vingine. Nitampigia magoti kama ulivyotufundisha kuwaamkia wakubwa. Nitamwita Baba. Nitamwomba asaini, kwa heshima zote. Akishasaini nitainuka, nipanguse vumbi magotini, na Jumatatu nakwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi; nikiupata, namshitaki.

Lala, Baba. Vumilia huo muhogo kidogo tu. Sitaung'oa mimi. Nakuahidi, ataung'oa yeye kwa mikono yake, mimi nikiwa nimesimama hapo kichwani pako, namtazama.