Jeshi Lako Nililigawa

Butembo, komini Kimemi
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kitsa,

Pokea salamu nyingi za dada yako Kaswera. U hali gani huko Namur? Kile kikohozi kimekwisha? Baridi imeanza kuuma? Tafadhali vaa ile fulana niliyokufumia hata kama rangi yake inakuchekesha, maana kifua hakijui mitindo.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imeshuka vizuri, maharagwe yameota. Mama ni mzima kule Kalunguta, ni goti tu linalomsumbua wakati wa kupiga magoti kanisani, na bado hataki kusali amekaa. Mimi niko na cherehani yangu palepale karibu na soko. Macho ndiyo yameanza kuniasi, uzi hauoni tundu la sindano mpaka nijaribu mara nne.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, Joyeuse, binti wa jirani yetu, anakuja Ubelgiji kusoma na amekubali kubeba bahasha. Ya pili, nina kosa la kuungama, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Kitsa, jeshi lako nililigawa.

Koli yako, ule mzigo uliotutumia, ilifika mwezi wa sita. Unajua kwetu koli ya Ulaya hailali bila kufunguliwa, na haifunguliwi bila ndugu kuwepo. Nikawaita, sebule ikajaa. Juu kulikuwa na nguo, viatu na chokoleti. Chini nikakuta makasha matatu yenye visanamu vidogo vilivyopakwa rangi: askari, watu wenye mabawa, askari wa mifupa mitupu, na mnyama mmoja mwenye vichwa vitatu. Nikasema moyoni, Kitsa ametutumia mapambo ya kabati. Nikagawa. Kila mtu aliondoka na fungu lake, hakuna aliyenuna, nami nikajisifu kwamba siku hiyo nimegawa kwa haki kuliko hata marehemu baba.

Baada ya siku tano nilichukua kasha kubwa ili niweke vifungo vya nguo. Nikatoa kitabu cha sheria kilichokuwa ndani yake, na chini yake ndipo nilipoiona barua yako. Haraka haraka haina baraka, waliosema hawakukosea.

Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Kumbe ni mchezo wa vita, vita vya watu ambao hawapo duniani. Kumbe uliwapaka rangi kwa mkono wako miaka miwili, kwa brashi nyembamba kama kope. Ulisema tuanze na kasha dogo peke yake, na zile nyongeza mbili zisiguswe mpaka la kwanza lieleweke. Mimi nilikuwa nimeyafungua yote matatu kabla chai haijapoa. Na ulisema vyote vipelekwe Beni kwa kaka yetu Mathe, ili mcheze kila Jumapili kwa simu, yeye kwenye meza yake na wewe kwenye yako.

Halafu yale maneno ya mwisho, na bado unamwita yaya kama mkubwa wako: "Sijui nianze vipi na yaya Mathe. Labda tukicheza, maneno yatakuja yenyewe. Nitangoja anipigie." Nililia juu ya kitenge cha mteja, ikabidi nikifue.

Miaka sita, Kitsa. Hukuja kumzika baba kwa sababu makaratasi yako ya huko yalikuwa bado, na Mathe anasema karatasi haimzuii mtu kumlilia baba yake. Tangu siku hiyo hamjasemezana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mimi nimelima miaka sita, shamba limekwisha, na kikapu panya wamekitafuna.

Basi nikaanza kuzunguka kukusanya jeshi. Nilianza kwa shangazi Agar, ambaye nilimpa wale mifupa wanane. Hata kukaa hakunikaribisha. "Weye Kaswera, unaniletea bulozi ndani ya nyumba? Bile bintu tulibiombea na bamama ba kanisa, kisha tukabitupa mu choo. Na wimbo tuliimba!" Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nilimshukuru nikaondoka. Ungefanyaje wewe?

Yule mnyama wa vichwa vitatu nilimpa Vagheni, mtoto wa baba mdogo, akaenda naye Eringeti. Mwezi wa saba watu wa Eringeti walikimbia tena mashambulizi. Vagheni alifika Beni na mkewe, watoto wote, namshukuru Mungu, na sufuria moja. Nilimpigia kumpa pole, na sikuthubutu kabisa kutaja mambo ya mchezo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza: "Yaya, ule munyama yako nilimuacha juu ya radio. Unisamehe." Mtu amepoteza nyumba, ananiomba msamaha kwa ajili ya kisanamu. Nilikuwa nimetaka kumsaidia na sikuwa na kitu, nilikuwa nimetaka kukusaidia wewe na barabara haipitiki. Mnyama wako amebaki Eringeti peke yake, ikiwa nyumba nayo imebaki.

Safari iliyofuata ilikuwa Kalunguta, kwa mama. Yeye alichukua yule mkubwa mwenye mabawa na upanga. Nilimkuta kwenye kile kimeza cha sala, kati ya Bikira Maria na picha ya baba, na ua mbele yake. Mama anasema ni Malaika Mikaeli. Nilimweleza pole pole kwamba huyo si malaika, ni jemadari wa mchezo, na sheria inasema jeshi lisilo na jemadari haliwezi kusogea hata hatua moja.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kitsa ndiye alinitumia. Kila asubui namuomba huyu malaika batoto bangu babiri baongee. Sasa unataka kumubeba, na hajanijibu bado? Hapana. Jeshi ingoje." Wewe ungeweza kumnyang'anya? Mimi sikuweza. Nilimpaka dawa ya goti, nikala wali wake, nikapanda pikipiki kwenda Beni na jemadari nimemwacha.

Nilifika kwa Mathe na kile kitabu cha sheria na kopo la biskuti lenye kete na askari ishirini na saba, mimi mwenyewe naogopa. Wewe hujui, lakini vile viatu ulivyotuma nilimpelekea yeye mwezi wa sita, akavirudisha siku ileile. Safari hii nilimkuta anapiga randa mlango wa mteja. Akachungulia ndani ya kopo, akarudi kwenye randa yake.

Barua yako nilimpa mkewe, Solange. Unamjua Solange, akitaka kusikika anasikika. Alikaa jikoni akaisoma kwa sauti ya kumsomea kiziwi. Ilipofika katikati, randa ikanyamaza. Alipomaliza, nikaanza kuwa na matumaini. Halafu Mathe akasema kutoka huko nje: "Mukubwa haanzake kutafuta mudogo." Na randa ikaendelea.

Basi ona nilipo. Wewe unangoja akupigie, yeye anangoja umpigie. Niliomba, nikakasirika, nikamtajia mama na goti lake. Haikusaidia chochote. Kesho yake nilirudi Butembo, nikaliacha lile kopo mezani, na kwa machozi yangu nikasahau hata utepe wangu wa kupimia nguo.

Wiki tatu zikapita. Jumatano iliyopita Solange akanipigia: "Kuya uone mambo ya bwana yangu." Alhamisi nikaenda.

Kitsa, ule mlango wa mteja ameulaza juu ya meza yao ya chakula katikati ya sebule. Amechora mto na milima kwa chaki. Kitabu chako amekisoma mara mbili, ameweka alama za kalamu ya useremala kila ukurasa. Askari wako wamesimama upande mmoja, wake upande mwingine. Mahali pa wale mifupa waliokwenda chooni ameweka vizibo vinane vya soda, na mnyama wa Eringeti sasa ni kopo la gundi. Kitabu kinapima kwa inchi, na mita ya seremala huyu ina sentimita tu, kwa hiyo utepe wangu nao umechukuliwa mateka. Siku hizi napima wateja kwa kamba. Mama mmoja mkono wa blauzi yake umetoka mrefu kuliko mwenzake.

Mwenye mlango anakuja kila siku, anaambiwa bado. Watoto wanakula sahani ziko magotini. Hakuna anayeruhusiwa kufagia karibu na meza.

Kete amezirusha mwenyewe, moja yako na moja yake, Solange akiwa shahidi. Wewe ulipata mbili, yeye tano. Sheria inasema aliyeshinda ndiye anayechagua nani aanze. Amekuchagua wewe. Nikamwuliza kwa nini, akanijibu kama anayemfundisha mtoto: "Mudogo ndiye anatangulia kusalimia." Nikamwambia, sasa yaya, si umpigie umwambie? Akaenda kunywa maji.

Lakini kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Upande wako, pale anapotakiwa kusimama yule jemadari ambaye mama amemzuia, niliona kitu kidogo cha shaba kinang'aa. Nikainama. Lilikuwa lile jiwe la mizani la baba, la gramu mia mbili, alilokuwa akipimia kahawa. Unalikumbuka. Mathe alikabidhiwa siku ya maziko kama mtoto mkubwa, na tangu hapo halijaguswa hata na watoto wake.

Nikadhani amekosea. Nikasema: "Yaya, hii umeweka upande ya Kitsa." Hakuinua macho. "Najua. Ni yake." Akalisogeza kidogo kwa kidole likae sawa kwenye alama ya chaki. Kisha akasema: "Baba alikuwa baba yake pia." Akatoka nje.

Mdogo wangu, mimi nimefika mwisho wa nguvu zangu. Siwezi kwenda Eringeti, siwezi kuwatoa mifupa chooni, siwezi kumtoa malaika mbele ya mama anayeomba, na mkono wa Mathe siwezi kuushika niupeleke kwenye simu. Nimewazaa ninyi wawili? Hapana. Ninawapenda tu, na kupenda peke yake nimeona hakufungui kinywa cha mtu.

Ukipiga, usianze na habari za maziko. Wala usiombe msamaha, atakata. Mwambie tu ni askari gani asogezwe, na inchi ngapi. Atapima. Utepe anao.

Nisalimie rafiki zako wanaokufundisha vita hivi. Shangazi Agar anakusalimu, anasema anakuombea uache sanamu. Vagheni na wake wanakusalimu kutoka Beni. Solange anakusalimu, anataka meza yake. Mama anakusalimu kuliko wote, na anauliza kama huyo malaika anahitaji mshumaa au ua linatosha.

Mungu wa baba yetu akufunike huko kwenye baridi, akupe afya, akupe na moyo wa kutangulia.

Mimi dada yako ninayekupenda na nisiye na utepe,
Kaswera

Nilisahau: namba ya Mathe haijabadilika. Ni ileile aliyokupigia siku baba alipofariki.