Papa Mupole na Maziwa Yake

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo sana. Hapa Mushaki tuko wazima, na ng'ombe ya baba yako imezaa. Unaniuliza sababu gani kitabu kimeharibu tabia ya yule mama wa mchezo unayependa kwenye televizyo.

Miaka ya sitini, sisi tulipenda Papa Mupole, muchungaji wa ng'ombe katika mchezo wa redio. Kitabu cha habari yake kilipofika, nikasomea majirani: "Papa Mupole akakunywa maziwa amesimama." Kwetu maziwa inakunywewa na muntu amekaa! Wakapiga kelele: "Huyu si Papa Mupole! Tukichome!"

Mama yangu akakificha ndani ya kitenge. "Mumuhurumie mwandishi. Pengine alipita huku, akapewa maziwa, hakuna aliyemupa kiti."

Tangu siku ile, mugeni akifika, naletaka kiti kwanza. Kiti yako iko, ukuje.

Koko wako