Tufe la Hawa Halitoki Hapa

Dada Hawa, mke mwenzangu,

Nguo zako zimekwisha gawanywa. Baada ya arubaini wifi yetu Zamzam alikuja kutoka Koboko, yeye na mwanawe, wakafungua sanduku lako hata kabla ya kunywa chai. Gauni la zambarau amechukua yeye. Sufuria kubwa pia. Nguo ni nguo.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba.

Unajua alichokikuta. Pini zako kumi za mti, zenye shingo kama chupa, zimesimama mwisho wa ile sakafu tuliyoikandika kwa udongo wa kichuguu, mimi na wewe, mpaka magoti yakatuchubuka. Tufe jeusi liko juu ya gunia, na viatu vyako vya soli laini kando yake. Tangu ufe nilikuwa napangusa vumbi tu. Nikitaka kulishika tufe, mkono unakataa.

Wifi akauliza, "Hii kitu iko ya kazi gani?"

Nikamwambia ni mchezo wa kubingirisha tufe kuangusha pini, unaitwa boling. Ulijifunza Jinja ulipokuwa ukifagia klabu ya Wahindi, na walipofukuzwa, mama mmoja wao alikukabidhi vifaa akisema, "Chukua wewe, kuliko wachukue askari." Ukavileta Arua juu ya lori la tumbaku lililokuwa likirudi tupu.

Akacheka. "Mwanamke mzima nainama kutupa jiwe! Pini iko kuni mzuri. Viatu, kijana yangu navaa." Akamtuma mwanawe shoka.

Dada, mimi ndiye uliyekuwa ukiniita kuku aliyenyeshewa. Nilisimama mbele ya pini. "Nguo umechukua. Sufuria umechukua. Hii, hapana."

Akamwita mzee wetu. Mzee akatoka na birika la udhu, akanitazama mimi, akamtazama dada yake, akasema, "Zamzam, mimi naenda msikiti." Akaenda! Unamjua. Safari hii kukimbia kwake kulinifaa.

"Basi cheza, mimi naona," wifi akasema.

Nikavaa viatu vyako. Nikashika tufe. Vidole vyangu vinene vikakwama kwenye matundu yako membamba, tufe likaondoka na mimi, nikaanguka kifudifudi. Walicheka mpaka jirani akachungulia. Nililia palepale chini, lakini si kwa aibu. Nililia kwa sababu ungekuwepo ungecheka kuliko wote, halafu ungesema, "Inuka, Rehema, pini bado zimesimama."

Nikainuka. Nikatupa kwa mikono miwili, kama mtu anayemwaga maji machafu. Zikaanguka nne. Nne tu! Nikazipanga, nikatupa tena, na tena, mpaka wifi akachoka na jua, akafunga mzigo wake wa nguo. Shoka halikugusa kitu.

Sasa nikwambie jambo, usinikasirikie. Tufe nililipeleka kwa seremala wa kule Inde, akayapanua matundu kwa keekee. Si ya vidole vyako tena. Nilipoona unga mweusi unadondoka nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia. Kuliweka bila kulitupa kungekuwa kukuzika mara ya pili. Na ile pini iliyoliwa na mchwa amenichongea nyingine ya mvule, nzito, haianguki ovyo.

Wanawake wanakuja kila alasiri. Wako Waislamu wa mtaani kwetu, wako Walugbara wa kanisani wanaotoka Dadamu na vikapu vyao vya sokoni. Waume wanasema. Waache waseme.

Pumzika, dada yangu. Mungu akupe nafasi pana kuliko hii tuliyobanana huku. Ahadi yangu ni hii: Idi ijayo hatutacheza nyuma ya nyumba. Nimeanza kukandika sakafu nyingine mbele, kando ya barabara, na salamu nimeshazipeleka Koboko: wifi Zamzam aje, awe wa kwanza kutupa tufe.

Mwenzako,
Rehema