Vumbi la Juu ya Boriti

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, umri miaka 57, anajulikana kazini kama Mama Fagio.
Kazi: mfagizi, karakana ya samani.
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kufagia karakana hiyo. Watu hudhani kufagia ni kusukuma takataka tu. Vumbi la mbao likilala ni uchafu; likitimka likakutana na cheche, ni baruti. Mkaguzi wa moto alitufundisha hivyo, na tangu siku hiyo hatupulizi vumbi kwa mpira wa upepo. Tunafuta kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia juu ya boriti kushuka chini. Na fundi wa kuchomelea hawashi mashine yake mpaka mfagizi aseme pamefutwa. Neno langu ndilo kibali.

Fundi mnayemshikilia ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Silifichi hilo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, msimamizi alimwita achomelee kishikio cha bomba la kunyonya vumbi, kilichokuwa kimekatika kwenye nguzo. Kisha msimamizi akarudi ofisini. Ndani tulibaki mimi, mkwe wangu, na mpiga msasa tunayemwita Kinyozi, aliyekuwa upande wa pili, masikio ameyaziba.

Mkwe wangu alisimama mbali kidogo, macho chini, kama kawaida yake akizungumza nami. Akaniuliza, “Mama, na juu kumefutwa?”

Nikamjibu, “Kote, mwanangu. Washa.”

Afande, juu hakukuwa kumefutwa. Wiki tatu nilikuwa sijapanda ngazi kwa sababu ya goti. Sikumwambia mtu, maana mfagizi asiyepanda ngazi hutafutiwa mrithi. Ngazi yenyewe ilikuwa pale pale, imeegemea ukuta. Mtu mwingine angepanda akachungulia. Lakini mkwe gani atapanda ngazi kuhakiki neno la mama mkwe wake, naye amesimama anamtazama? Nilijua hatapanda. Hilo linaniuma kuliko goti.

Alichomelea, akagonga kishikio kwa nyundo, akachomelea tena. Saa tatu na dakika ishirini hivi nguzo ilitikisika, vumbi kidogo likadondoka kwenye cheche. Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, kama mlango uliobamizwa. Paa likatetemeka, vumbi lote la juu likamwagika, na mlio wa pili ndio ulioondoa madirisha. Mkwe wangu alinivuta mkono hadi nje, kisha akarudi kumtoa Kinyozi. Miaka tisa tangu amwoe binti yangu, ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono.

Kinyozi ameungua mikono na uso. Nilimtembelea hospitali jana. Akaniambia amenyoa mbao miaka yote, safari hii zimemnyoa yeye nyusi. Nilicheka, kisha nikalia palepale.

Msimamizi anasema mkwe wangu aliwasha bila kuuliza. Kila tukikaa kula, binti yangu ananiuliza kama ni kweli, nami huinuka kwenda kuosha vyombo vilivyo safi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha goti, akaumbuka mtoto wa watu. Aliniuliza. Nikamdanganya. Andika hivyo hivyo, usilainishe.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu. Nimesomewa, nami sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Kumbukumbu ya mpelelezi: Nimeyaandika mimi, tarehe 17, saa tano na robo asubuhi. Shahidi alikuja mwenyewe bila kuitwa. Nimeyalinganisha na maelezo ya fundi aliye mahabusu, ya tarehe 15. Aliulizwa mara tatu kama alipata kibali cha mfagizi. Mara zote tatu alijibu: “Mama hakuwepo. Sikumuuliza mtu.”