Kona ya Myamba

Dada Nakijwa, shikamoo.

Nimetoka Suji asubuhi kwa baiskeli, ukungu ukiwa bado barabarani. Unakumbuka tulivyomcheka marehemu baba kwa kukokota baiskeli hata kwenye mteremko wa Myamba? Tulisema mwalimu mzima anaogopa kona. Leo nimeipita kona hiyo kwa kasi. Chini yake nikasimama kumwamkia mama mmoja aliyekuwa akichimba tangawizi. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akanionyesha kaburi lililo pale kwenye kona.

“Ni la mwanangu. Baba yako alimfundisha. Tangu tumzike, hakuwahi kupita hapa bila kushuka.”

Nimeikokota baiskeli hadi juu, nikateremka tena kwa miguu. Wasalimie wanao, na uwaambie babu yao hakuwa mwoga.

Mdogo wako,
Eliya