Kitanda Kilichogeuzwa Banda la Kobe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lipo kwenye kitambulisho alichoshika afande, mtaani naitwa Randa.
Umri: miaka 52. Kazi: fundi seremala. Makazi: nyuma ya karakana yangu.

Kwanza natamka mbele ya sheria, nikiwa na akili timamu, kwamba kobe ni mzima, anakula, na hana malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Sasa yaliyobaki.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilifika nyumbani kwa mwenye duka la rangi. Aliniita nimjengee kobe banda la ndani. Kobe ni wa mama yake mzazi, aliyekuwa amelazwa hospitali. Kobe huyo alizoea kulala chini ya kitanda cha mama. Tangu mama aondoke alikuwa akizunguka usiku akikwangua milango, na mke wa mwenye duka alishajikwaa juu yake akiwa na sufuria ya maji moto.

Niliuliza mbao ziko wapi. Akanionyesha kitanda cha mama.

Nikamwambia, "Bosi, hiki kina mwenyewe."

Akasema, "Daktari ametuambia tujiandae, fundi. Harudi. Angalau kobe wake akae kwenye kitu chake." Alisema hivyo akitazama ukuta, kisha akaenda dukani.

Nilikata. Mbavu za kitanda zikawa kuta. Sikuweka wavu, kwa sababu kobe akiona ng'ambo atasukuma mpaka kesho. Asipoona, anaamini dunia imeishia hapo. Chini nilitandika nailoni, juu yake udongo na mchanga, na kona moja nikafunga taa ya kumpa joto.

Saa nane mchana mama aliingia, peke yake, na mfuko wa nguo. Mkwewe aliangusha ufagio.

Mama akaniuliza, "Unatengeneza nini, mwanangu?"

"Nyumba ya kobe, mama."

Akapapasa ubao. "Nzuri. Na mimi nalala wapi?"

Mkwewe akasema, "Mama, si ungepiga simu tuje kukuchukua?"

"Nilipiga, mwanangu, haikupokelewa. Nikadhani mna wageni."

Mwenye duka aliitwa, akaja mbio, akaishia mlangoni. "Mama, sisi tuliambiwa..."

"Hata mimi niliambiwa. Nikawajibu, basi nikafie kitandani kwangu." Akanigeukia. "Kinaungika, fundi?"

Nilimwambia ubao ukishakatwa umekatwa, ila kesho ningemletea kipya.

Akacheka kidogo. "Kesho? Una imani wewe."

Walimtandikia godoro sebuleni. Hakulilalia. Alisema akishuka pale, kuinuka itabidi wamwitie winchi. Mwanawe alipiga magoti amsaidie. Mama akampapasa kichwa, akamwambia ainuke, suruali inachafuka.

Saa kumi na moja nilimshika mkono hadi kwenye benchi la nje apate hewa, nikarudi kukusanya vyombo vyangu. Nilipotoka benchi lilikuwa tupu. Nikajua ameingia kwa mlango wa jikoni. Wa ndani nao walijua yuko na mimi.

Niliyoyaona ni hayo, sikuongeza, sikupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, tarehe 10, nikamsomea shahidi naye akakubali ni sahihi. Mama huyo alikutwa alfajiri ya leo katika wodi aliyotoka, amefariki kwenye kiti cha wageni. Muuguzi anasema aliomba kitanda chake, akajibiwa kimeshapata mgonjwa.